Ngeli ya Asiyevuta Hewa

Tulimtoa kisimani Samail, mita mia tatu ndani ya jiwe,
saa tatu asubuhi na jua limeshakuwa adui.
Dakta Ghassani akashika bomba la sindano,
nami nikashika pumzi,
kana kwamba pumzi yangu ndiyo ingemuua.
Na kweli, ndiyo.

Maji yenyewe makali kama magadi,
ukiyagusa vidole vinateleza.
Ukiyaacha bakulini huota utando mweupe,
ganda la chokaa, jembamba kama la yai.
Nani anaishi humo? Mbuzi hayanywi.

Nikampeleka Nizwa ndani ya chupa ya kizibo cha mpira,
juu ya mchuzi wake naitrojeni tupu.
Mchuzi una rangi ya kuchongea:
ipenye hewa, hata kwa tundu la sindano,
hugeuka waridi.
Waridi ni msiba.
Mara mbili nilimfisha hivyo.
Ya kwanza sikumwambia mtu.

Ya tatu, wiki ya tano kwenye joto,
chupa ikawa nyeusi tititi.
Nikainamia hadubini:
vijiti vilivyopinda, kama kucha zilizokatwa,
kila kimoja na mkia mmoja,
kinakwenda, kinasita, kinarudi
kama mtu aliyesahau ufunguo.
Nikavitia rangi. Zambarau ilioshwa yote ikaondoka,
wekundu ukabaki.

"Unanuka yai viza, Shinuna,"
akasema mama mlangoni, kabla ya salamu.
Nikamweleza: huyu anapumua salfeti
kama sisi tunavyopumua oksijeni,
na anachokitoa ndicho hicho unachokinusa.
Mama akamimina kahawa. Akafikiri.
"Kikifa, utasema kimekufa au amekufa?"
"Mama, ni bakteria."
"Bakteria imekufa, basi? I-ZI, kama nyumba?"

Bi Thuwaiba alisomesha sarufi Wete, darasa la nne.
Wete walimwita Mmanga.
Miaka hamsini hapa Samail ni Mzinjibari,
hata kwa aliyemzalisha watoto wake wote.
Yeye huitika kote kuwili,
halafu hurekebisha matamshi yao.

Mashine ya Maskati ilisoma jeni moja,
herufi elfu moja na mia tano.
Ndugu yake wa karibu, wa matope ya bahari ya mbali,
wanatofautiana herufi nne katika kila mia.
Nne! Dakta alipiga meza.
Jenasi tunaijua, spishi haina jina.
Akanipa fomu: himaya, faila, ngeli,
oda, familia, mpaka chini.
Nilipofika kwenye ngeli nikacheka peke yangu,
mikono imo ndani ya glavu za sanduku lisilo na hewa,
pua inawasha na siwezi kuikuna.

Usiku nikamsomea mama kitabuni:
zamani dunia nzima ilikuwa hivi, haina oksijeni,
na jamii zake zilijaa kote.
Kisha hewa ikabadilika.
"Wakakimbilia chini ya mawe," nikasema.
"Nani kakwambia walikimbia?
Pengine walikuwa wameshakaa kwao,
hewa ndiyo iliyohama ikawakuta."
Akatema kokwa ya tende kiganjani.
"Andika A-WA. Yule ana roho.
Si ya kuvuta kama yetu, lakini anayo."

Dakta anataka jina la mji, kwa Kilatini.
Sawa. Atalipata.
Kwenye fomu nimejaza ngeli wanayoitambua wao,
nikapiga mhuri, nikatuma.

Alhamisi, kabla ya kuzima taa,
niliinua chupa mpya usawa wa macho.
Kiyoyozi kilikuwa kinatetemeka. Mchuzi hauna rangi.
Nikachukua daftari langu, lile lenye madoa:
*Bado hajaanza kuonekana. Lakini yumo.
Waridi hakuna.*